Waipa zinachora mistari: usafishe, ubadilishe mpira au ununue bledi mpya?

Mvua inanyesha, unawasha waipa, na badala ya kutakata kioo kinabaki na michirizi kama mashavu ya mtoto aliyetoka kulia. Au zinaruka-ruka, kru-kru-kru, mpaka abiria anakugeukia. Ukiomba ushauri hukosi majibu matatu: wa kwanza atakwambia zisafishe tu, wa pili badilisha mpira, wa tatu tupa hizo, nunua mpya. Wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia gari lake.

Nimezijaribu njia zote tatu, na moja niliifanya vibaya, nitafika huko. Nilichojifunza ni kwamba alama inayobaki kiooni ndiyo inayoamua, na wengi wetu tunanunua kabla hatujaitazama.

Tukubaliane majina kwanza. Mkono ni ule wa chuma wenye springi, unaotoka chini ya kioo. Bledi ni kipande kinachoning'inia kwenye mkono. Mpira ni ule utepe mweusi unaogusa kioo. Ukiutazama mpira kwa karibu, utaona una shingo nyembamba na chini yake ukingo. Shingo ndiyo siri ya kazi yote: waipa ikienda kushoto ukingo unalalia upande mmoja na kuburutwa, ikirudi kulia unapinduka na kulalia upande wa pili. Mpira ukikakamaa, ukingo unakataa kupinduka. Badala ya kuburutwa unasukumwa, unajikwaa, unaruka. Hiyo ndiyo kru-kru-kru.

Vigezo nitakavyotumia

Kila njia nitaipima kwa mambo yaleyale: inatibu nini, kazi yake ikoje, inadumu kiasi gani, hatari yake ni ipi, na inamfaa nani. Gharama sitaipa kichwa chake kwa sababu mpangilio wake ni uleule karibu kila mahali: kusafisha ni karibu bure, mpira peke yake ni nafuu, bledi nzima ni ghali zaidi, na kati ya bledi na bledi tofauti ni kubwa.

Lakini kwanza, soma kioo

Lowesha kioo kwa maji mengi, kaa kwenye kiti cha dereva, washa waipa kwa mwendo wa taratibu, tazama.

Ukiona mistari myembamba ya maji inayojirudia palepale kila zinapopita, kuna kitu kwenye ukingo wa mpira: chembe ya mchanga, utomvu, au mpira umechanika kidogo. Ukiona ukungu mwembamba unaobaki sekunde moja au mbili kisha unapotea, mara nyingi ni mafuta au nta iliyoganda kwenye kioo. Utepe mpana usioguswa kabisa maana yake bledi haikibani kioo mahali hapo: imepinda, imechoka, au haifuati mkunjo wa kioo.

Kuruka-ruka kunahitaji uangalifu zaidi, kwa hiyo tazama kunatokea waipa ikielekea wapi. Ikiruka kwenda na kurudi, shuku kioo kichafu au mpira mkavu. Ikiruka upande mmoja tu, inua mkono taratibu na uchungulie ukingo kutokea kwenye ncha ya bledi. Ukingo mzima husimama wima. Uliolala upande mmoja na kubaki hivyo umeshika mkunjo, jambo linalotokea gari likikaa juani muda mrefu bila waipa kuwashwa. Kama ukingo uko wima na bado inaruka upande mmoja, mkono wenyewe umejisokota.

Kuna jaribio jingine ninalolipenda kwa sababu halidanganyi: safisha kioo upande wa dereva tu, upande wa abiria uache ulivyo. Washa tena. Kelele ikiisha upande mmoja, umejua mkosaji ni kioo na mipira haina kosa.

Njia ya kwanza: kusafisha kioo na mpira

*Inatibu nini.* Ukungu wa mafuta, mistari myembamba inayotokana na uchafu, na sehemu nzuri ya kelele. Moshi wa magari, vumbi la barabarani, utomvu wa miti na nta za kuoshea gari vyote hujenga utando juu ya kioo ambao jicho halioni mpaka mvua inyeshe. Haitatibu mpira uliopasuka, uliokakamaa wala ulioshika mkunjo.

*Kazi yake.* Anza na kioo, maana mpira safi juu ya kioo chenye mafuta utachafuka kwa mara chache tu za kwenda na kurudi. Osha kwa maji ya sabuni kuondoa mchanga, suuza, kisha pitisha dawa ya kusafishia vioo au spiriti kwa kitambaa safi. Ukitaka kujua umemaliza, mwagia maji: yakitandaa kama shuka, kioo ni safi, yakijikusanya matone mabaka kwa mabaka, utando bado upo. (Kama ulipaka dawa ya kufukuza maji, matone ni kawaida. Ila dawa hizo zikianza kuisha kwa mabaka ndizo zinazofanya waipa iruke, kwa hiyo ama uipake upya vizuri, ama uiondoe yote.)

Kisha inua mkono, shika kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, bana mpira kati ya vidole viwili na uvute kutoka mwanzo hadi mwisho. Mara ya kwanza kitambaa kitatoka cheusi tii. Rudia mpaka weusi upungue, na uishie hapo, usiusubiri uishe kabisa. Mipira mingi imepakwa grafaiti ili iteleze, na ukiisugua kama sufuria iliyoungua utaondoa kilainishi chenyewe.

*Inadumu.* Inategemea barabara zako. Kwenye vumbi utairudia kila wiki, na si kazi ya zaidi ya dakika kumi.

*Hatari.* Hapa ndipo nilipokosea. Niliona mpira mchafu, nikaona kuna petroli kidogo kwenye chupa, nikaloweka kitambaa na kusugua kwa bidii. Mpira ulitakata ukang'aa. Siku chache baadaye ukingo ulikuwa umevimba na kupinda kama ukingo wa mkate wa chapati, na waipa ikawa inachora mawimbi. Petroli, dizeli na mafuta ya taa huingia ndani ya mpira na kuuvimbisha. Dawa za kunyunyizia za kulegezea kutu nazo, ambazo kuna watu wanazisifu sana kwa kazi hii, zina mafuta ya petroli ndani yake. Waipa itanyamaza siku hiyo na kioo kitabaki na utando mpya. Na wale wanaopitisha msasa kwenye ukingo: ukingo ule hukatwa kiwandani uwe mkali na ulionyooka, msasa unauviringisha. Nafuu yake haikai.

*Inamfaa nani.* Kila mtu, kabla ya hatua nyingine yoyote. Na kwa mwenye waipa zisizofikisha hata nusu mwaka, mara nyingi ndiyo dawa yote anayohitaji.

Njia ya pili: kubadilisha mpira peke yake

*Inatibu nini.* Mpira uliopasuka, uliokakamaa, ulioshika mkunjo au uliokwisha ukingo, ilimradi fremu ya bledi, yaani mifupa ya chuma inayoshika mpira, ni nzima. Kuikagua fremu ni rahisi: ishike mkononi, uikunje na kuinyoosha kidogo. Viungo vyake vicheze laini bila kulegea ovyo, pasiwe na kutu iliyoganda, na makucha yanayoshika mpira yasiwe yamefunguka. Fremu iliyogoma kukunjika haitaufuata mkunjo wa kioo hata uiwekee mpira wa dhahabu.

*Kazi yake.* Ni kazi ya kukaa na kutulia, na kwa mara ya kwanza itakuchukua zaidi ya nusu saa. Pima kwanza mambo mawili: urefu wa mpira wa zamani na upana wa mgongo wake. Upana ndio watu wanaousahau. Milimita 6 na milimita 8 zinafanana sana machoni, lakini wa 8 hauingii kwenye makucha ya 6, na wa 6 ukiwa ndani ya makucha ya 8 utacheza na mwishowe kuchomoka. Mpira ukiwa mrefu kupita kiasi unakatika kwa mkasi.

Upande mmoja wa mpira una kufuli, yaani kibonyeo kinachokamatwa na makucha ya mwisho. Bana hapo, vuta kwa nguvu, kufuli litaachia na mpira utatoka kama uzi kwenye sindano. Ndani ya mgongo wake kuna vipande viwili virefu vya chuma chembamba, kimoja kila upande. Vipande hivyo ndivyo vinavyoupa mpira uti wa mgongo, na mara nyingi mpira mpya unakuja bila vyake, kwa hiyo usivitupe. Piga picha kabla hujavichomoa. Kila kimoja kimepinda kidogo kama upinde na kina kikato upande mmoja. Viwili vipinde kuelekea upande uleule, vikato vikae vilivyokuwa. Ukigeuza kimoja, mpira utabana kioo katikati na kuachia nchani, au kinyume chake, nawe utalaumu mpira mpya bure.

Pitisha mpira mpya kucha kwa kucha, na ukimaliza hesabu makucha yote kwa kidole. Kucha moja iliyokosa njia inatosha kufanya mpira uchomoke katikati ya mvua.

*Inadumu.* Sawa na mpira wowote mpya wa ubora huohuo. Miezi sita hadi mwaka ndiyo makadirio ya kawaida. Jua kali hulifupisha hilo, maana mionzi yake na ozoni ya hewani ndivyo vinavyokausha mpira hata gari likiwa limesimama.

*Hatari.* Chuma kugusa kioo. Mpira ukichomoka, kucha au kile kipande cha chuma hukwaruza upinde kwenye kioo, na mkwaruzo ule hautoki kwa kusugua.

*Inamfaa nani.* Mwenye bledi za fremu zilizokuja na gari, zilizo imara, na asiyechukia kazi ya mikono. Inamfaa pia mwenye magari kadhaa ya aina moja, kwa sababu mkono ukishazoea kazi yenyewe inakuwa ya dakika tano. Haimfai mwenye bledi bapa, zile zisizo na fremu: nyingi zimeundwa mpira na mwili pamoja, na zile zenye mpira wa akiba si rahisi kuupata.

Njia ya tatu: bledi nzima mpya

*Inatibu nini.* Yote ya mpira, pamoja na fremu iliyopinda, viungo vilivyoliwa na kutu, na utepe mpana usiofutwa unaosababishwa na bledi yenyewe.

Ukifika hapa kuna chaguo jingine ndani ya chaguo. Bledi ya fremu ya chuma ndiyo ya zamani zaidi: ina mikono midogo inayogawa nguvu ya springi kwenye pointi kadhaa. Ni nafuu, mpira wake unabadilishika, inakaa vizuri kwenye vioo vingi. Udhaifu wake ni viungo vilivyo wazi, vinavyonasa matope, theluji na kutu, na ukiwa kwenye mwendo wa kasi upepo unaweza kuinyanyua. Bledi bapa haina fremu. Ndani yake kuna ukanda wa chuma uliopindwa unaojinyoosha dhidi ya kioo na kugawa nguvu kwa urefu wote. Ina kelele kidogo, upepo hauishiki sana, theluji haina pa kujificha. Lakini upinde wa ule ukanda ukiwa hauendani na mkunjo wa kioo chako, ncha zitabaki hewani, na hapo bledi ghali inashindwa na ya fremu ya bei ndogo. Ya tatu ni mchanganyiko, fremu iliyofunikwa ganda la plastiki: inachukua pointi za ya kwanza na umbo la ya pili, na uzito unaongezeka kidogo.

Kuhusu kilichotengenezewa ukingo, mpira wa kawaida unafuta vizuri tangu siku ya kwanza na unachoka mapema. Silikoni inastahimili jua kwa muda mrefu zaidi na inaacha utando unaofanya maji yateleze. Ina bei, na kwenye kioo kisichoandaliwa vizuri inaweza kuruka au kuacha ukungu. Mimi mwenyewe natumia mpira wa kawaida na kuubadilisha mapema, lakini gari langu linalala kivulini.

*Kazi yake.* Dakika chache, ukishajua kiungo. Mikono mingi ina ndoano yenye umbo la herufi J: unabonyeza kikufuli, unaisukuma bledi kuelekea shina la mkono, inatoka. Mingine ina pini ya pembeni au kitufe. Angalia hilo kabla ya kununua, na upime urefu wa kila upande peke yake, maana ya dereva mara nyingi ni ndefu kuliko ya abiria. Usinunue ndefu zaidi ukidhani utafuta eneo kubwa. Zitagongana katikati au kugonga nguzo ya kioo.

*Inadumu.* Mpira wake ni mpira. Unachoka kwa kasi ileile. Mwili unaweza kudumu miaka.

*Hatari.* Mkono usio na bledi ni nyundo iliyotegwa. Springi ikiurudisha, chuma kinapiga kioo na kinaweza kukipasua. Tandika taulo nene lililokunjwa kiooni kabla hujatoa bledi, hata kama ni ya dakika moja. Na kama waipa zako zinajificha chini ya ukingo wa boneti, usilazimishe kuzinyanyua, zitachubua rangi. Magari hayo yana namna ya kuzisimamisha juu kwa ajili ya matengenezo. Kitabu cha gari kinaeleza.

*Inamfaa nani.* Asiye na muda, mwenye fremu iliyochoka, mwenye bledi bapa, na anayekwenda mwendo wa kasi mara kwa mara kwenye mvua.

Yasiyotibika kwa njia yoyote kati ya hizo

Nimeona watu wakibadilisha bledi mara mbili kwa ugonjwa ulioko kwenye mkono. Bledi mpya ikiruka upande mmoja tu, tazama mkono kutoka mbele: bledi ikiwa katikati ya kioo, mpira unatakiwa usimame wima juu yake. Mkono uliosokotwa hunyooshwa kidogo kidogo kwa spana au koleo, bledi ikiwa imetolewa na taulo limetandikwa. Springi iliyolegea haibani. Ukiunyanyua mkono unauhisi mwepesi ukilinganisha na mwenzake.

Waipa moja ikifanya kazi na nyingine ikizembea, fungua kifuniko cha shina la mkono na ukaze nati. Kama meno ya shina yamelika, nati haitasaidia, mkono unabadilishwa. Ukisikia mota ikinguruma na mikono yote imetulia, linki, yaani vyuma vinavyounganisha mota na mikono, imechomoka. Kukiwa kimya kabisa, anza na fyuzi. Ikiungua tena, usiweke kubwa zaidi, tafuta kilichokwama. Zikiwa zinasimama katikati ya kioo ukizima, swichi ya kuegesha iliyo ndani ya mota imechoka. Zikienda polepole, toa saa uhesabu kioo kikiwa na maji: sheria ya usalama wa magari ya Marekani inataka mwendo wa kasi ufikie angalau mizunguko 45 kwa dakika (kwenda na kurudi ni mzunguko mmoja) na wa taratibu usipungue 20. Zako zikiwa chini sana ya hapo, viungo vya linki vimekauka, umeme haufiki vizuri, au mota inazeeka.

Na maji ya kusafishia yasipotoka, sikiliza pampu. Ikilia, tundu limeziba, lizibue kwa sindano. Waipa kwenye kioo kikavu chenye vumbi ni msasa, kwa sababu mchanga wa kwatzi ni mgumu kuliko kioo.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Waipa ni mpya na kuna ukungu au kelele: safisha kioo, kisha mpira, na usiguse pochi.

Mistari myembamba haiondoki baada ya kusafisha, na ukipitisha kidole kwenye ukingo unahisi kovu: mpira peke yake kama fremu ni nzima, bledi kama ni bapa.

Gari linashinda juani mchana kutwa: silikoni inafaa kufikiriwa, au mpira wa bei ndogo unaobadilishwa mapema. Gari likikaa wiki kadhaa bila kutembea, ukague ukingo kabla ya kuondoka.

Unakoishi kuna barafu: bledi bapa au ya mchanganyiko. Na asubuhi, hakikisha zimebanduka kioo kabla ya kuwasha, la sivyo mota inavuta kitu kisichosogea na fyuzi, au mota yenyewe, ndiyo inayolipa.

Kioo kina mkunjo mkubwa pembeni na bledi bapa inaacha ncha bila kufuta: rudi kwenye fremu ya chuma bila aibu.

Safari ndefu ni kesho, mvua imetabiriwa, na hujui mpira una umri gani: nunua bledi ya upande wa dereva leo, ile ya zamani iweke kwenye buti, na ya abiria utaiamua ukirudi.